Plasta ya Okeyo

Foleni ya soda ilikuwa ndefu kuliko ya sindano, siku ile hema la kutoa damu liliposimamishwa uwanjani mwa chuo. Nelima alikuwa ametoka kutoa yake. Sketi ya bluu imepigwa pasi, mkono wa blauzi umekunjwa, anatafuta pa kukaa. Kijana mwenye kofia nyekundu akampisha kwenye benchi. Mkononi alikuwa na plasta kama ya Nelima.

"Kumbe na wewe umetoa?"

"Painti nzima. Sijaskia kitu," akajibu Okeyo.

Mwongo mkubwa. Mzaliwa huyu wa Kambi Muru, Kibera, alikuwa akitoroka sindano tangu darasa la kwanza. Plasta aliiokota mezani akajibandika ili apate soda na biskuti. Vijana wenzake wa mjini walikuwa wakiwacheka wasichana waliotoka mashambani, eti damu yao itauzwa. Nelima hakuwajali. Mama yake alipomzaa Elvis, kitindamimba wake, kule Kimilili, aliokolewa na damu ya watu asiowajua hata kwa sura. Akamsimulia Okeyo haya yote huku akiitazama plasta yake kwa mapenzi, na Okeyo akaendelea kunywa soda.

Wakapendana, tena sana. Kila jioni simu ililia: "Sasa, donor wangu?" Jumapili Okeyo alifika Gatina, mtaani Kawangware, viatu vinang'aa, wakala chapati madondo kwa shangazi yake Nelima. Mama yake Nelima alipokuja kutoka Kimilili, alimshika Okeyo mikono yote miwili akamshukuru kwa niaba ya wagonjwa wote. Okeyo akaangalia chini.

Njia ya mwongo ni fupi. Nelima alipoletewa kadi yake yenye kundi la damu, akapiga simu.

"Mimi ni O. Wewe ni group gani, babe?"

Okeyo akaanza kumuuliza habari za shangazi.

"Okeyo, ulitoa?"

"Niliogopa sindano, Nelima."

"Kuogopa si kitu. Lakini mamangu alikushika mikono akikushukuru, na ukanyamaza."

Simu ikakatwa. Miezi miwili Okeyo alipiga, haikushikwa. Alikonda, na rafiki yake Billy akamshauri atafute mwingine, maana Nairobi wasichana hawajaisha. Okeyo alimtaka huyu mmoja tu, na alijua hasa alichokosea.

Ijumaa moja hema likaja Kawangware, karibu na soko. Nelima alikuwa dukani kwa shangazi, aproni kiunoni, alipoona ujumbe ulioingia nusu saa kabla: "Niko kwa hema. Nimelala. Naogopa vibaya, lakini siamki." Akavuka barabara bila hata kuvua aproni.

Alimkuta Okeyo benchini, jasho usoni, soda haijafunguliwa. Hakumsalimia. Akaushika mkono, akaibandua ile plasta taratibu. Kitundu kilikuwapo, chekundu, kidogo kabisa.

"Muuguzi amesema nisiibandue, niibonyeze," Okeyo akasema. "Nelima, nataka twende Kimilili. Nimwambie mama ukweli mimi mwenyewe. Halafu nimwombe nikuoe."

"Na akikukatalia?"

"Nitarudi tena. Miezi mitatu ikiisha nitatoa nyingine, niende tena."

Nelima alicheka, machozi yakamlengalenga. Akairudisha plasta mahali pake, akaibonyeza kwa kidole gumba, na hakukiondoa.

"Tutaenda Desemba," akasema. "Sasa kunywa soda yako. Hii umeifanyia kazi."