Swali la Mama Phupha

Asubuhi ya Songkran, sikukuu ya Kithai ya kumwagiana maji, watoto wote wa kijiji walikuwa wameshalowa chapachapa. Phupha peke yake ndiye aliyekuwa mkavu. Alikaa ndani, amevaa kofia, maana nywele zake ndiyo kwanza zilikuwa zinaota.

Mama yake, Wandi, alimwekea wali wa kunata na samaki wa kuchoma. Phupha aliumega kidogo, akauacha.

"Kula, baba."

"Sitaki. Mwili unauma."

Wandi alimshika shingoni. Mtoto alikuwa anachemka. Akampima; ilikuwa homa kweli.

Phupha alizaliwa na ugonjwa wa damu, akaishi kwa kuongezewa damu hospitalini. Mwaka huu madaktari wa mjini walimpa dawa kali zilizomnyonyoa nywele, kisha wakampandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Aliyemtolea ni dada yake, Duangta. Siku ya kurudi nyumbani, nesi alimpa Wandi namba ya simu.

"Homa ikianza tu, piga. Una swali, mama?"

"Hapana, nesi."

Kila mara Wandi alijibu hivyo, hata pale alipokuwa hajaelewa kitu. Alilelewa asiwasumbue wakubwa, na kwake daktari na nesi ni wakubwa.

Basi akachukua kitambaa na maji, simu akaiacha mezani. Hapo akaingia jirani yake Khamnoi, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mwenye sauti ya kusikika shamba la tatu.

"Ana homa? Umepiga simu?"

"Naona haya, dada. Leo sikukuu. Nesi naye ana mama yake wa kumwagia maji mikononi kwa heshima. Jioni isiposhuka, nitapiga."

"Jioni! Haya gani hizo za kumzika mtoto?"

Wandi akaanza kulia. Khamnoi akaketi, akashusha sauti.

"Sikiliza, mdogo wangu. Miche ya mpunga ukishaipandikiza, siku za kwanza inakuwaje?"

"Inalegea."

"Na mbuzi akiingia?"

"Tumekwisha."

"Uboho wa Phupha bado unashika mizizi. Askari wa mwili wake ni wachache. Kijidudu cha kutupa mafua mimi na wewe, yeye kinaweza kumuua leo leo. Nesi yuko zamu kwa ajili hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Piga!"

Wandi akapiga.

"Umefanya vizuri, mama," nesi alisema. "Mlete sasa hivi. Tunaandaa dawa."

Khamnoi akawasha pikapu yake. Vioo vyote wakavifunga. Njia nzima ilikuwa ndoo na mipira ya maji. Penye umati mkubwa Khamnoi alishuka.

"Nimwagieni mimi mtosheke! Gari lina mgonjwa, pisheni!"

Wakammwagia kwelikweli, kisha wakapisha.

Hospitalini Phupha alipewa dawa ya kuua vijidudu kupitia mshipa. Baada ya siku chache homa ilikata, akaomba samaki.

"Vijidudu vilishaingia kwenye damu," Daktari Sirin, aliyemtibu, alimwambia Wandi. "Mngengoja jioni, huenda tungempoteza."

Mvua zilipoanza, hospitali iliwaita wazazi wa watoto waliopandikizwa uboho.

"Mambo tusiyoyajua ni mengi," alisema Daktari Sirin, "na hatuwezi kuyachunguza yote kwa pamoja. Zamani tulichagua wenyewe. Leo tuchague pamoja. Utafiti uanze na lipi?"

Wazazi wakatazama sakafu. Nani awasumbue wakubwa? Wandi alisukuma kiti nyuma. Akasimama.

"Mlituambia tupige simu. Mimi nilijua, na sikupiga. Niliona haya. Mchunguze hilo. Mtufundishe vipi ili mama mwenye haya apige mapema? Na sisi wa mbali, dawa gani ianzwe hukohuko kwetu kabla hatujafika?"

Wazazi wakainua vichwa. Kisha mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akasema polepole, bila kusimama:

"Mimi nilingoja mpaka asubuhi. Sikutaka kumwamsha daktari. Wangu hayupo."

Wandi alitoka kwenye kiti chake, akaenda kuketi karibu naye, akamshika mkono.

Daktari Sirin aliandika maneno yao kwenye daftari lake.

"Hili halikuwa kwenye maswali yetu," alisema. "Tutaanza nalo."

Mkono mwingine ukainuka. Kisha mwingine.