Betri Chini ya Blanketi

Jeni alipoliweka lile roboti la bati juu ya meza ya kazi, liliinua mguu mmoja, likaushusha. Halfan akalifungua mgongo kwa bisibisi. Chumba cha betri kilikuwa kimejaa chumvi ya kijani, na betri hamkuwa na hata moja.

"Fundi, mbona kimya?" Jeni aliuliza.

"Springi imejiachia tu," Halfan akamjibu, ingawa roboti lile halikuwa na springi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Makambako.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika. Jeni na wenzake walifungua marobota ya mitumba sokoni, na katikati ya makoti na soksi zisizo na wenza wakakuta midoli ya zamani: maroboti ya bati yenye taa machoni, yanayotembea kwa betri. Wenye malori waliyapenda kufa, wakayapanga juu ya makabati ya sebuleni. Yakigoma, yalipelekwa kwa Halfan, fundi redio wa karibu na stesheni, ambaye duka lake na chumba cha kulala vilitengwa kwa pazia tu. Naye aliyatunza kama mayai. Mkewe, Safina, alikuwa akimtania, "Na mimi ningekuwa bati, ningepakwa mafuta kila siku."

Akasugua kutu kwa limao na mswaki, akazitia gia mafuta ya cherehani. Ikabaki kulijaribu. Fundi mwenye akili hajaribu kifaa kwa betri mpya. Huanika zile kuukuu juani, zikapata uhai kidogo. Lakini jua la Juni Makambako ni mgeni asiye na ahadi. Ukungu ulikuwa umekaa mjini kama uliolipa kodi. Kwa hiyo Halfan akafanya kama afanyavyo kila kipupwe: akazifunga betri kwa kitambaa, akazisukuma chini ya blanketi alimolala Lulu, binti yake wa pekee, mtoto mwenye joto ambaye hata mama yake alikuwa akimwita jiko.

Asubuhi roboti lilitembea. Likatembea mpaka adhuhuri kwa betri zilizokwisha kufa, na Halfan akacheka peke yake kwa furaha. Jioni akazirudisha betri chini ya blanketi. Kesho yake vilevile.

Lulu ndiye aliyeanza kubadilika. "Baba, siisikii miguu yangu," alisema, midomo imempauka. Zahanati walimpima malaria, hawakuiona. Muuguzi alikitazama kipimajoto, akakitikisa, akakitazama tena, kisha akasema kimeharibika.

"Hakijaharibika," Safina alinong'ona njiani, mtoto mgongoni. "Baba Lulu, nimebeba jiwe la mtoni."

Mchana huo Halfan alizitoa betri zote, akalilaza roboti kifudifudi ndani ya boksi. Alikuwa ameinamia redio ya mtu aliposikia krr, krr, taratibu, na akanusa ile harufu kali ya betri iliyovuja, na ndani ya harufu hiyo, waziwazi, mafuta ya nazi ya nywele za mwanawe. Akageuka. Roboti lilikuwa sakafuni, limeshatoka ndani ya boksi, linalielekea pazia ambalo nyuma yake Lulu alikuwa amelala, taa za macho zinawaka bila cha kuziwasha, na alipolidaka kwa mikono miwili, kifua chake cha bati kilikuwa na uvuguvugu mwororo, ule wa shingo ya mtoto aliyetoka usingizini, uvuguvugu aliokuwa akiubusu kila asubuhi na ambao siku hizi aliukosa kitandani, na hapo ndipo alipoelewa ni nani aliyeutoa na kuutia humu.

Akamwita Mwalimu Musa wa madrasa. Mwalimu akafukiza ubani, akamsomea Lulu kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa mweupe midomoni, pumzi zake zinakuja moja moja. Kisha akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nimekaa kwenye bati miaka mingi. Baridi tupu. Sikuiba. Nilipewa."

"Na nani?" Mwalimu akauliza.

"Na baba yake. Kila siku alinitandikia."

Safina akamtazama mumewe. Halfan akainamisha kichwa.

"Mrudishie mtoto joto lake, utoke," Mwalimu akasema.

"Nitoke nife kwa baridi? Nipeni lingine."

Mwalimu akamgeukia Halfan haraka. "Usimjibu! Jini hapewi ahadi. Niachie nisome, atachoka."

"Na Lulu je? Si atachoka kwanza?" Halfan alisema kwa sauti ndogo. Pumzi moja ikapita, nyingine ikachelewa. "Chukua langu."

Mwalimu alimziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Roboti lililokuwa kando ya kitanda likaanguka chali, taa zikazimika. Lulu akalia kilio cha mtoto mwenye njaa, akaomba uji, mashavu yanachemka. Safina akamkumbatia akilia naye. Mwalimu Musa akalibeba lile bati kwenda kulizika, na chai aliyoandaliwa hakuinywa.

Wiki hiyo Halfan alishinda na koti juu ya koti, miguu karibu iingie ndani ya jiko, makaa yasimfae kitu. Hakujuta. Lulu alikimbia uani akiimba, na hilo lilimtosha.

Kisha alasiri moja mtoto akamwonea huruma, akampanda mapajani. "Nikupe joto, Baba."

Likamwingia. Tamu, polepole, mikononi hadi kifuani, na Halfan akafumba macho, akamvuta mtoto karibu, akambana, akambana zaidi, mpaka kwa mbali akasikia, "Baba, niachie. Baba." Alipofumbua macho, midomo ya Lulu ilikuwa imepauka.

Akamsukuma hadi sakafuni. Safina akaja mbio.

"Mama Lulu, chukua mtoto," alisema, meno yanagongana. "Nendeni kwenu Ifakara. Treni ya leo."

"Leo? Una nini? Basi ngoja akuage."

Halfan alikuwa ameshaingia nyuma ya meza ya kazi, amezishika kingo zake kwa mikono yote miwili.

"Asiniage," akasema. "Nikimshika tena sitamwachia."