Mbayuwayu na Upepo wa Kando

Ukumbi wa safari ulikuwa umefurika asubuhi ile. Watu walisukuma mikokoteni, watoto wamekaa juu ya masanduku, na spika za darini zilitaja lango hili na lile kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Kando ya mlango mkubwa palikuwa na kibanda cha kufunga mizigo kwa plastiki. Dada aliyehudumia hapo alivaa aproni ya kijani iliyomzidi, nywele kazibana nyuma, na mikono yake ilikwenda mbio hadi plastiki ikalia kama kitambaa kinachochanwa.

Rubani alifika akiburuta sanduku lililopasuka zipu. Shati jeupe lilipigwa pasi likanyooka, tai nyeusi, viatu vinang'aa, na mabegani mistari mitatu ya dhahabu.

“Dada yangu, niokoe. Nikitembea hivi nitamwaga soksi mbele ya abiria.”

“Ni safi?”

“Nusu yake.”

“Basi tufunge upesi, Kapteni, kabla hazijajitangaza.”

Rubani alicheka. Hakuwa kapteni. Kapteni huvaa mistari minne. Mitatu ni ya rubani msaidizi. Lakini neno lile lilimkaa vizuri sikioni, akaliacha lipite. Dada wa plastiki naye alijua tofauti ya mitatu na minne, akaliacha lipite vilevile.

“Wewe umewahi kupanda ndege?” rubani aliuliza.

Dada akaitazama aproni yake, akayatazama mabega ya yule kijana. “Mimi? Wapi. Naziona zikipaa tu.”

Basi rubani akaegemea kaunta, akanyoosha kiganja chake kuwa bawa, akamweleza jinsi hewa inavyoinyanyua ndege. Akaeleza na upepo wa kando, ule unaoisukuma ndege ubavuni wakati wa kutua. Alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

“Kumbe,” alisema dada.

Na dada huyo alikuwa na leseni ya urubani ndani ya droo ya kabati lake. Alisomea miaka mitatu, akaajiriwa, na kabla hajazoea kuitwa rubani shirika lake likafungwa. Tangu hapo alituma maombi kila mahali. Majibu yalikuwa yaleyale: kuna mtu humu ndani anayekufahamu? Hakuwa naye. Akachukua kazi ya plastiki ili yeye na mdogo wake wasilale njaa, na hakumwambia mtu yeyote wa fani yake. Siku ambazo wenzake wa chuoni walipita na mabegi yao, aliinama chini ya kaunta kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika mkononi.

Mahali pamoja tu aliinua kichwa: kwenye jukwaa la marubani mtandaoni. Humo watu hutumia majina ya utani, hubadilishana habari za kazi, na wenye ajira huwapendekeza wasio nayo kwa wakubwa wao. Ila pendekezo halikuombwa kama chumvi kwa jirani. Aliyeingia na kuanza kulilia kazi alipuuzwa. Ulijulikana kwanza kwa unachokitoa. Yeye aliitwa Mbayuwayu. Kila jioni alijibu maswali ya wanafunzi wa urubani na kuwasahihishia mazoezi yao, na wala hakuomba kitu.

Rubani alirudi kibandani siku tatu baadaye bila sanduku.

“Leo tufunge nini?” dada aliuliza.

“Nimeleta mdomo. Ufunge, maana tangu juzi unakutaja tu.”

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa mzaha. Rubani alipenda anavyojibiwa papo kwa papo. Yeye dada alipenda kwamba kijana huyu, akisema atapiga simu, anapiga.

“Umefika salama?”

“Nimefika, kipenzi. Nimekula?”

“Hilo swali ni langu, wewe unajiuliza mwenyewe.”

“Nilikuwa nakupunguzia kazi.”

Mara kadhaa dada alijiambia, leo namwambia. Lakini kila alipofungua mdomo aliiona ile “Kumbe” yake imekaa pale mbele, na nyingine zilizofuata, maana rubani alikuwa mwalimu asiyechoka. Angeanzaje?

Jioni moja walikuwa wamekaa kwenye mgahawa wenye viti vya chuma, dada kavaa gauni la rangi ya zambarau aliloazima kwa mdogo wake. Rubani akamsogezea simu.

“Soma huyu mtu. Anaitwa Mbayuwayu. Kuna mwanafunzi alikuwa anataka kuacha masomo kabisa, ona alivyomweleza. Mimi humo ndani naitwa Upepo wa Kando, na nakwambia, najifunza kwake.”

Dada akasoma maneno yake mwenyewe. Uso ulimwaka. Jina hilo la Upepo wa Kando alilifahamu vizuri. Walikuwa wakijibizana humo tangu mwaka uliopita, kwa heshima, kazi kwa kazi.

“Unaonaje?”

“Ameandika vizuri,” alisema, akarudisha simu.

Wiki ile ile Upepo wa Kando akamwandikia Mbayuwayu: shirika letu linaajiri, nikupendekeze? Dada alisoma ujumbe akiwa kitandani, mdogo wake akipaka kucha rangi pembeni yake.

“Dada, mwambie ni wewe,” alisema mdogo mtu.

“Nikimwambia atanipendekeza kwa sababu ni mpenzi wake. Nataka mara moja tu nipendekezwe kwa sababu najua kazi.”

“Na yeye je?”

“Nitamwambia nikishapata.”

“Unaogopa tu, sema.”

Dada akaigeukia simu. Aliandika: *Nitashukuru sana.*

Rubani alimtumia Mbayuwayu nakala ya pendekezo. Lilikuwa fupi na la kiungwana. Alieleza kwa mifano jinsi Mbayuwayu anavyofikiri anapokabiliwa na tatizo, akamalizia: “Sijawahi kukutana naye wala sina uhusiano naye. Ninachokijua ni kazi yake.”

Dada aliyasoma maneno hayo ya mwisho mara mbili. Mtu ameweka neno lake mbele ya mkubwa wake, na neno lenyewe si kweli, na hajui. Jioni hiyo rubani alimpigia akiwa amechangamka.

“Kuna mtu nimempendekeza kazini, mpenzi. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu. Nasikia raha hata mimi.”

Simu ilikuwa sikioni.

“Umefanya vizuri,” alisema. Baada ya kukata simu alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Siku ya usaili alivaa shati jeupe, suruali nyeusi, na viatu vya zamani alivyovipiga rangi hadi vikasahau umri wao. Rubani mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na sauti isiyopanda. Alimwingiza kwenye mashine ya mazoezi, chumba kidogo kilichotengenezwa kama sehemu ya mbele ya ndege, akamzimia injini moja angani, akamletea ukungu, akamletea upepo. Mikono ya dada ilijibu kila kitu kwa wakati wake. Aliposhuka alikuwa na jasho mgongoni na furaha aliyoisahau.

“Njoo,” alisema rubani mkuu, “aliyekupendekeza yuko nje. Amebadilisha zamu ili akuone.”

Rubani alikuwa amesimama koridoni na vikombe viwili vya kahawa. Alikuwa akitabasamu kabla mlango haujafunguka. Ulipofunguka, tabasamu lilibaki palepale, ila macho yaliondoka ndani yake.

“Huyu ndiye Mbayuwayu wako,” alisema mama yule.

Dada angeweza kusema wakati huo. Neno moja lingetosha. Badala yake alinyoosha mkono.

“Nimefurahi kukufahamu.”

Rubani akautazama ule mkono, mkono aliokuwa ameushika juzi tu wakitoka mgahawani. Akaweka kahawa moja chini, akaupokea.

“Nami pia.”

Rubani mkuu akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akavaa miwani yake, akasema atawapigia simu.

Kwenye ngazi za nje rubani alizungumza bila kumtazama.

“Nilikueleza bawa ni nini.”

“Naomba unisikilize.”

“Nilikuchorea kwenye kitambaa cha karatasi. Ulikuwa unanicheka moyoni?”

“Sikucheka hata siku moja. Niliona aibu. Ungejua kwamba aliyevaa ile aproni ni rubani mwenzako, ningezama ardhini.”

“Na leo? Nimeandika kwamba sikujui. Halafu nimekushika mkono mbele ya bosi wangu kama mgeni. Umenifanya mwongo, na mara ya pili nimeusema uongo mwenyewe, kwa mdomo wangu.”

Alishuka akaenda zake. Siku hiyo hakupiga simu, wala iliyofuata. Dada alifunga mizigo ya watu mawazo yakiwa mbali, hadi abiria mmoja akalalamika kwamba hata mwavuli wake umefungiwa ndani, na nje mvua inanyesha.

Asubuhi ya tatu akavua aproni, akamwomba mwenzake amshikie kibanda, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya rubani mkuu upande wa pili wa uwanja. Alisimama mbele ya meza.

“Mama, aliyenipendekeza ni mpenzi wangu. Yeye hakujua. Mimi nilijua tangu mwanzo, na nilisoma alichokiandika nikanyamaza. Kosa ni langu.”

Mama yule aliweka kalamu chini.

“Ajabu,” alisema. “Jana alisimama hapo hapo ulipo. Amesema yeye ndiye aliyejua, na kwamba wewe ulimkataza asikupendekeze akashupaa.”

“Si kweli.”

“Naona. Anadanganya vibaya, masikio yanamtoka jasho.” Akavua miwani. “Keti. Umeruka vizuri kuliko wote wiki hii, na siwezi kukuchukua. Nikikuchukua kwa pendekezo hili, kesho kila mtu hapa ataniletea mke wake akiandika kwamba hamjui. Yeye hatapendekeza mtu tena hapa kwangu mpaka nitakaposema. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Kinachoniuma ni kwamba ungesema mapema ningeandika tu ‘ni mchumba wake’ na mambo yangekwisha. Watu wanapendekeza wachumba wao kila siku.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomvunja. Alilia kwenye choo cha wafanyakazi, maji ya bomba yakiwa wazi ili asisikike. Alipotoka alimkuta rubani kwenye maegesho, amekaa juu ya ukingo wa saruji, hana tai, shati halijapigwa pasi.

“Nani alikwambia udanganye kwa ajili yangu?” dada aliuliza.

“Nilitaka upate kazi.”

“Nimeikosa.”

“Nimesikia.” Akasogea kumpa nafasi. Dada akakaa, si karibu sana. “Na mimi nina langu. Siku zote unaniita Kapteni. Mimi si kapteni. Nimefanya mtihani wa ukapteni mara mbili nimeanguka. Hata niliowatangulia kazini kwa mwaka mmoja wote wamepita.”

“Najua wewe si kapteni.”

“Unajua?”

“Una mistari mitatu, mpenzi. Mimi ni rubani.”

Alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na kwa kitambo dada hakujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

“Tumeoneana haya sana sisi,” alisema kutoka ndani ya viganja.

“Mimi zaidi.”

“Hata hilo unashindana?”

Usiku ule jukwaani ulikuwa mgumu kuliko mashine ya mazoezi. Dada aliandika mbele ya marubani wote kilichotokea: kwamba Upepo wa Kando alitoa neno lake kwa nia njema na Mbayuwayu akalichafua kwa kunyamaza. Aliandika pia kwamba anafanya kazi ya kufunga mizigo kwa plastiki. Sentensi hiyo aliifuta na kuirudisha mara nyingi, mpaka mdogo wake akanyoosha kidole akabonyeza kutuma.

Wengine walimkemea, na alistahili. Wengine walinyamaza. Lakini mkufunzi mmoja mstaafu, ambaye wanafunzi wake kadhaa walikuwa wamesaidiwa na Mbayuwayu, alimwomba namba akampigia simu.

“Binti, kuna kampuni ndogo mji wa mbali, ndege za kupeleka dawa na vifurushi. Ndege zao zimechakaa na viwanja vyao vibaya. Nikutaje?”

“Mzee, umesoma niliyoyaandika?”

“Nimesoma. Na hayo nitayataja pia. Wakikutaka, wakutake na yote.”

Walimtaka.

Siku ya kuondoka rubani alimsindikiza kituo cha mabasi, maana mji ule haukuwa na ndege ya abiria. Dada alivaa koti la kijivu. Ndani yake shati jipya jeupe, begani mstari mmoja wa rubani anayeanza, ambao aliukagua kila baada ya dakika kama mtu anayeogopa kuibiwa. Mdogo wake alikuwa amekwishalia akamaliza, sasa anabishana na kondakta kuhusu mahali pa kuweka begi.

“Nataka kwenda kijijini kwa mama yako,” alisema rubani. “Nikamwambie nataka kukuoa.”

“Utamwambia wewe ni nani?”

“Rubani msaidizi. Nimeanguka mara mbili.”

Dada aliinama akatazama viatu vyake. “Bado nikikuangalia usoni naikumbuka ile korido. Nilivyokunyooshea mkono. Aibu yake haijanitoka. Niulize ikiisha.”

“Na isipoisha?”

Dereva akapiga honi. Dada akapanda ngazi ya kwanza, akageuka, na safari hii akamtazama machoni, uso umemwiva kwa haya hadi masikioni.

“Isipoisha,” alisema, “basi tutaipa chumba chake nyumbani kwetu. Nenda kwa mama.”