Kokoto na Maji ya Ndimu

Sogeeni karibu. Zuwena anakuja, na miguu yake imejaa mchanga.

Maji yamekupwa. Mama anafunga mwani kwenye kamba. Zuwena anaokota vitu.

Leo kaokota mwani mdogo uliong'oka. Ni wa kijani. Vipande vyake ni kama vifungo vya shati.

Mwani wa Mama ni laini, unateleza. Huu ni mgumu. Zuwena anaugonga kwa ukucha.

Ka, ka, ka. Mgumu kama biskuti.

"Jina lako Kokoto," anasema Zuwena.

"Huyo anataka maji," anasema Mama. "Usimkaushe."

Zuwena anakimbia nyumbani. Pata, pata, pata.

Uani, Baba anaosha samaki. Baba alikuwa mpishi wa meli. Kila bandari aliambiwa apunguze ndimu.

"Hawajui kula wale," anasema Baba. Anakamua nyingine.

Pembeni pana bakuli la maji. Zuwena anamtia Kokoto ndani.

Chwi, chwi, chwi. Mapovu madogo yanapanda.

"Baba, Kokoto anacheka."

Baba anachungulia. Yeye hacheki. "Mwanangu, hayo ni maji yangu ya ndimu."

Zuwena anamtoa haraka. Anamgonga.

Kimya. Ncha yake imelegea, kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

"Kokoto amevaa koti la chokaa," anasema Baba. "Na ndimu inakula chokaa. Mimi niliwahi kuimwaga kwenye sakafu ya marumaru ya watu. Marumaru nayo ni chokaa, ikafanya doa. Nikafukuzwa kwa fagio."

"Atakufa?"

"Tukichelewa."

Wanakimbia. Pata, pata, pata. Baba bado ana kisu na ndimu mkononi.

Maji yameanza kujaa. Mama anachimba mchanga kwa kidole. "Mpande hapa, kwenye kijiti changu cha kamba."

Zuwena anampanda Kokoto. Anamshindilia mchanga.

"Sasa yuko salama. Baharini hamna ndimu," anasema Zuwena.

"Kuna ukali kidogo, kama wa ndimu," anasema Mama. "Moshi wa magari na viwanda unaingia majini. Maji yanazidi kuwa makali, kidogo kidogo. Ulimi wako hauonji. Kokoto anaonja. Koti linamwia gumu kushona."

"Nani anautoa huo moshi?"

"Watu wazima," anasema Baba. "Tena wengi. Inabidi tupunguze."

"Kama wewe na ndimu."

Baba anaitazama ndimu yake. Anaitia mfukoni. "Kama mimi na ndimu."

Kesho yake maji yanakupwa tena. Kokoto yupo. Juu yake kimeota kipande kipya, cheupe, laini.

"Mwache akishonee koti," anasema Mama.

Zuwena anasubiri. Kesho nyingine, na nyingine. Kipande kinakuwa kijani. Zuwena anakigonga, polepole.

Ka, ka, ka. Mgumu kama biskuti.

Jioni hiyo Zuwena amekula, amenawa, amelala kitandani. Baba anachungulia mlangoni.

"Samaki wa leo nilimkamulia nusu ndimu tu. Umeona?"

"Kesho nusu ya nusu, Baba."

"Haya, bosi."

Zuwena anagonga ubao wa kitanda. Ka, ka, ka.

Huko nje maji yanajaa. Kokoto anashona koti. Zuwena analala.