Karatasi Tumboni mwa Chombo

Mimi Birthe, tangu nizaliwe, sijasema uongo. Ukiacha umri wangu, na uzito wangu, na ile siku nilipomwambia mchungaji kwamba mahubiri yake yamenigusa sana, kumbe nilikuwa nimelala. Basi mtu mkweli kama mimi ndiye anayefaa kuwasimulia habari za mjukuu wangu Liva.

Liva alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila siku akitoka shule alikuwa akiegesha baiskeli ukutani kwangu, akila mkate mweusi uliopakwa maini ya kusaga, kisha akichukua brashi laini na kupangusa vumbi kwenye chombo cha babu yake.

Chombo hicho kilikaa dirishani. Kilikuwa mfano wa kile cha kwenye filamu za safari za angani, ambazo mume wangu Ejnar alizipenda kama mtoto. Alikijenga mwenyewe kwa vitofali vya plastiki zaidi ya elfu tano, vyote vya kijivu. Ejnar alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vitofali hapa mjini kwa miaka thelathini na mmoja, na hata nyumbani hakuacha kukagua. Akiona kasoro, aliandika karatasi ndogo yenye tarehe na kosa lenyewe, akaichomeka palepale. Aliyekosea akikiri, Ejnar aliitoa karatasi, na yakaisha. Nimewahi kuzikuta hata ndani ya sufuria zangu.

Mwezi wa Oktoba alifariki. Wastaafu wenzake wakaomba chombo chake kiwekwe maktaba Jumamosi, katikati ya maonyesho yao, na jina lake chini. Liva ndiye angekifunua mbele ya watu.

"Usikiguse mpaka siku hiyo, ila kwa brashi," nilimwonya. "Na kikibebwa, kibebwe na watu wawili."

Alhamisi nilirudi kutoka dukani nikamkuta amekaa mezani, mkate wake haujaguswa. Nikatazama dirishani. Jua la miaka minane lilikuwa limevigeuza vile vitofali vya kijivu vikawa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini bawa la kushoto liling'aa kama meno ya bandia ya jirani yangu Tove.

"Liva, nani amegusa chombo?"

"Sijui, bibi. Labda paka."

"Paka amekiangusha?"

"Labda."

"Halafu akaona haya, akakijenga upya?"

Hakucheka.

"Malthe darasani alisema naongopa, eti babu hakuwa na chombo chochote. Nikataka kukipiga picha kwenye mwanga. Nikakibeba peke yangu. Bawa likakatika, vitofali vikaangukia nyuma ya kipasha joto, mkono wangu haukufika. Nikaweka vyangu vya nyumbani." Machozi yakamtoka. "Nimeharibu kitu cha babu, bibi, na babu hayupo wa kukitengeneza."

Hapo hata mimi mzaha uliniisha. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

"Kuangusha ni kazi ya mikono, mwanangu, na mikono huteleza hata ikiwa ya mkaguzi. Lakini ungenyamaza, Jumamosi ungesimama mbele ya watu wote na macho yako yasione kitu ila bawa lile. Babu yako angesifiwa, nawe usisikie hata neno. Kosa ukilisema, tunalibeba wawili. Ukilificha, unalibeba peke yako."

Akaitikia kwa kichwa, akajifuta kamasi kwa mkono wa sweta. Nilimwacha, siku hiyo tu.

Tulivichokoa vile vitofali kwa sindano ya kufumia, kimoja kimoja, pamoja na soksi ya Ejnar niliyoitafuta tangu mwaka juzi. Soksi ile niliishika kwa muda. Kisha tukaanza kazi. Bawa halikukubali kukaa imara mpaka lifungwe kwa ndani, kwa hiyo tukakigeuza chombo, watu wawili, tukalifungua tumbo lake.

Ndani, chini ya injini, palikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa. Niliujua mwandiko kabla sijavaa miwani. Liva akasoma kwa sauti:

"Tarehe nne Machi. Birthe amekiangusha akisafisha dirisha, akakijenga upya, injini moja amekosea. Anasema ni upepo. Nangoja aniambie mwenyewe."

Mwaka ulioandikwa pale ulikuwa wa miaka saba nyuma. Miaka saba tumekula meza moja, tumetazama dirisha moja, na hakuniuliza hata mara moja.

"Bibi," Liva aliuliza polepole, "ulimwambia?"

"Nilimwambia," nikajibu. "Zamani sana."

Liva aliilaza karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaniangalia kwa macho yaleyale ya babu yake.

"Basi mbona hakuitoa?"