Abiria Wasiopanda

King'ora kililia kwanza. Kililia mara tatu, kirefu, kikali, na kila mtu wa Peñaverde alijua maana yake: toa ng'ombe wako kwenye njia ya ndege, toa pikipiki yako, na kofia uishike. Ndipo ndege ikachomoza kwenye pengo la mlima, nyeupe, ikiyumba kwa upepo kama mlevi wa Jumapili, ikatua.

Zoraida Guerrón alitoa kidole kwenye kitufe cha king'ora, akavaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya ruana yake nyekundu, joho zito la sufi, akatoka mbio. Uwanja ule ulikuwa na wafanyakazi wanne; yeye ndiye aliyekuwa mkuu wao, karani wao na mpiga king'ora wao. Ilikuwa ndege ya kwanza kutoka Bogotá baada ya miaka kumi na moja, na mji mzima ulikuwa umefurika pale: bendi ya shule, padri, wanawake wenye mitandio ya sikukuu. Gari la zimamoto lilikuwa limesimama tayari kuibatiza ndege kwa maji, kama inavyofanyiwa kila safari mpya.

Bomba likamponyoka mshikaji. Maji yakaikosa ndege, yakampata mtu wa kwanza kushuka ngazi: kijana mrefu, suti nyembamba ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Alisimama ngazi ya tatu akichuruzika kama nguo kwenye kamba.

"Karibu Peñaverde," alisema Zoraida, akijiuma mdomo asicheke.

"Wageni wote mnawapokea hivi?"

"Hapana, bwana. Wanaokuja kwa basi tunawapokea na matope."

"Acha maneno, binti, mvishe hiyo ruana yako!" alifoka doña Clemencia, mama mwenye meza ya empanada, vitumbua vya nyama vya kukaanga, pale mlangoni. "Huyo akitufia hapa, ndege hairudi tena."

Zoraida aliivua ruana, akamvika. Ilimfika kiunoni tu. Walitazamana, wakacheka, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyekumbuka kuondoa macho.

Aliitwa Anselmo Quijano. Kampuni ya ndege ilikuwa imemtuma kuisimamia safari hiyo: miezi mitatu ya majaribio, Jumanne na Jumamosi, viti arobaini na nane. Visipojaa, ndege inahamia mji mwingine. Miji sita ilikuwa ikiiombea ndege hiyohiyo, kila mmoja na uwanja wake uliolala, kila mmoja na meya wake anayebisha milango Bogotá. Na uwanja wa Peñaverde, ukikosa ndege safari hii, ulikuwa ufungwe.

Zoraida hakuhitaji kuambiwa maana ya kufungwa. Barabara ilikuwa saa kumi na saba za basi, mlima ukikubali. Mlima ukikataa, siku tatu. Baba yake alifia humo, ndani ya gari la wagonjwa, akingoja matingatinga yaondoe udongo ulioporomoka.

Anselmo alikuja kila Jumamosi ya pili. Walikula viazi vya kuchoma sokoni, wakatembea mpaka mwisho wa njia ya ndege, huko upepo unakompokonya mtu maneno mdomoni, na huko ndiko Anselmo alikombusu Zoraida. Siku nyingine zilikuwa za simu.

"Zora, umeuza ngapi leo?"

"Salimia kwanza, mtu wa Bogotá."

"Haya. Hujambo, mfalme wa upepo wangu? Umeuza ngapi?"

"Malkia, siyo mfalme. Tisa."

Sauti ilishuka. "Tisa tu? Mpenzi, uza viti. Sijui utafanyaje, ila uza. Mimi huku nakupigania."

Jumapili ile, baada ya misa, Zoraida alimwomba padri nafasi, akasimama mbele ya watu. Aliwakumbusha kwamba njia ile ya ndege ilijengwa na babu zao kwa minga, kazi ya kuchangiana mji mzima, kila nyumba ikileta koleo lake. Asiye na nguvu alituma kuku, alituma mtu, alituma siku moja ya kazi. "Sasa tufanye minga ya tiketi," alisema. "Tuone nani ataihamisha."

Jumatatu foleni ya dirisha la tiketi ilizunguka jengo zima. Bei ya majaribio ilikuwa ndogo, mioyo ilikuwa mikubwa. Watu walinunua tiketi, wakazikunja, wakaziweka nyuma ya picha ya mtakatifu, wakarudi kukamua ng'ombe. Zoraida mwenyewe alinunua sita. Kila alipofunga mlango wa ndege alikuwa anaona viti vingi vitupu, vimekaa vyenyewe, wala hakushtuka. Vimeuzwa, basi. Hakuna mtu Peñaverde aliyewaza kwamba anayechangia minga ya tiketi lazima apande ndege.

"Ngapi leo, Zora?"

"Zote."

"Zote! Unanitania."

"Arobaini na nane. Sasa nipe zawadi yangu."

"Nimekutumia busu kwa ndege ya Jumanne. Likifika, usimwonyeshe doña Clemencia."

Wiki ya tisa, simu ililia akiwa dirishani. Sauti ilikuwa ya Anselmo, lakini baridi.

"Zoraida. Hermógenes Chamorro ni nani?"

"Mume wa doña Clemencia."

"Naweza kuongea naye?"

"Alifariki. Mwaka wa nne huu."

"Ana kiti cha kumi na moja kwenye ndege ya jana."

"Anselmo, ngoja nikueleze..."

"Nimesimama mbele ya wakubwa wangu nikaapa kwamba Peñaverde imejaa. Wakanitolea orodha. Tiketi arobaini na nane, watu kumi na wanne, na marehemu mmoja. Wanasema mji unaonunua kwa huruma hauna wasafiri. Mwaka huu mtanunua, mwakani je? Wameniuliza kama nimekula njama na mpenzi wangu."

"Na wewe ukawajibu nini?"

Akasikia anavuta pumzi. "Sikujua niwajibu nini. Jina lako limo mara sita, Zoraida. Mara sita!"

"Kwa hiyo mimi ni mwizi?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Hakumpigia. Damu ya kina Guerrón haibembelezi. Jumamosi ikapita bila suti ya kijivu, ikapita nyingine. Mjini wakaanza kunong'ona kwamba ndege imeshapewa mji mwingine, na Zoraida alibonyeza king'ora kila mara kama mtu anayebonyeza kidonda.

"Mpigie," alisema doña Clemencia.

"Sipigi. Ameniita mwizi."

"Amekuita?"

"Amenyamaza. Ni kulekule."

"Nyie watoto mmejaa kiburi mpaka masikioni. Nipe namba."

"Sikupi."

Doña Clemencia alifuta mafuta mikononi kwa aproni, akaenda zake kumwomba padri namba hiyo.

Siku nne baadaye, adhuhuri, mtu aliingia kwa mlango wa barabarani, siyo wa ndege. Matope yalimfika magotini. Kiatu kimoja kilikuwa kimepasuka. Zoraida alimwona, akaendelea kupanga karatasi zilizokwisha kupangika.

"Ndege ni Jumamosi," alisema bila kuinua uso.

"Nimekuja kwa basi. Saa ishirini na sita. Mlima umeporomoka njiani, tumetembea kilomita tatu." Aliegemea dirisha. "Nilitaka kuiona barabara iliyomchukua baba yako."

Mikono ya Zoraida ikasimama.

"Mama huyu amenieleza habari ya minga," aliendelea Anselmo.

"Nilimwambia," doña Clemencia alidakia kutoka mezani kwake, "ukichangia paa la kanisa, huendi kulala juu ya paa! Na Hermógenes wangu alibeba mawe ya uwanja huu miaka miwili, hakuwahi kupanda ndege. Nikasema apate kiti chake. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna, mama. Kosa ni letu, mimi na Zora," Anselmo alisema. "Mimi niliomba viti viuzwe, sikuuliza nani atavikalia."

"Lakini ulinishuku," alisema Zoraida kwa hasira. "Mimi! Ulidhani nakutumia."

"Unajua nilidhani nini? Wiki ya tano niliona jina lako kwenye orodha. Nikasema, Zora anakuja, anataka kunishtua. Nikanunua maua, nikasimama mlango wa wanaowasili. Watu wakatoka, wewe humo. Nikangoja mpaka wafagiaji wakaniambia nisogee. Wiki ya sita, jina tena. Nikaenda tena. Mara sita, Zoraida. Mara sita nimekungoja, na simuni ulikuwa unacheka, unaniambia zote zimeuzwa. Nikajua unanidhihaki."

Zoraida alikaa chini. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba tiketi ile, iliyokunjwa nyuma ya mtakatifu, ilikuwa na mtu upande wa pili.

"Mbona hukusema?"

"Mwanamume atasema nini? Nimesimama na maua kama nguzo?"

"Mjinga wewe," alisema kwa upole.

"Ndiyo." Akakaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, matope na yote. "Sikiliza. Zimebaki safari tano. Nimewaomba wahesabu watu walioketi, si tiketi. Watu thelathini na watano kila safari, watu wenye miguu, wanaokwenda kutibiwa, kuuza jibini, kuona watoto wao. Wamekubali kutazama. Hawajaahidi kitu, na mimi mwenyewe wameniambia nitafute kazi kwingine ikishindikana. Inaweza kushindikana, Zora."

"Watu wanaogopa. Nani atamwachia nani ng'ombe?"

"Na mkuu wa uwanja je? Wewe unamwachia nani king'ora?"

Zoraida alitazama nje, kwenye njia ya ndege. Kila safari alikuwa akifunga mlango wa ndege kwa nje, hajawahi kupanda.

"Naogopa," alisema. "Toka nilipokuwa mdogo. Nikiiona tu inayumba pale pengoni, natamani kukimbia. Usimwambie mtu."

"Nimesikia!" alisema doña Clemencia. "Nami pia naogopa, na tunaogopa mji mzima. Ukikaa wewe chini, binti, nani atapanda?"

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kugonga mabati. Zoraida aliinuka, akatoka nyuma ya dirisha, akachuchumaa mbele ya kijana yule mwenye matope, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Siahidi kwamba ndege itabaki," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Hilo siliwezi. Ila wewe shuhudia, doña Clemencia: Jumanne nitapanda, Anselmo. Nitapanda mbele ya watu wote, hata nikilia njia nzima, na nitatoka kwenye mlango ule wa wanaowasili kwa miguu yangu mwenyewe. Safari hii hutangoja bure."