Flavia na Yoga ya Kihambani

Kila Jumamosi, kabla ukungu haujaiacha migomba ya Marangu, Flavia na bibi yake, Bibi Ndelilio, walishuka Moshi mjini kuwapelekea wateja wao ndizi za kupika. Flavia alikuwa darasa la sita, na shingo yake ilijulikana kijiji kizima. Alibeba mkungu kichwani bila kuushika, akateremka njia ya utelezi huku akimenya chungwa. Watu walisema siku moja nyuki walihamia kwenye mkungu wake, wakatengeneza asali, wakaondoka, naye hakujua.

Kwa shingo hiyo, padri alimchagua kubeba mkungu wa vipaji, yaani matoleo ya misa, siku ya Jubilei ya parokia, kutoka mlangoni hadi altareni, mikono imefumbatwa kifuani. Bibi Ndelilio naye aliwahi kuubeba alipokuwa msichana. Alikuwa amekwisha kuchagua mgomba wa kutoa mkungu huo, akauegemeza kwa gongo la mti ili usielemewe na uzito. Zilibaki wiki tatu.

Mteja wao wa mwisho alikuwa Mama Ishaan, mwenye duka la vitambaa. Jumamosi hiyo mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Flavia alichungulia, akaona wanawake sita juu ya mikeka, na Ishaan, kijana wa rika lake, amesimama kwa kichwa, nyayo zikitazama dari.

"Shikamoo, Mama Ishaan."

"Marahaba. Ingia, bibi yako bado anakunywa chai. Hii ni yoga. Umewahi kufanya?"

"Mara nyingi," alijibu Flavia, ambaye neno hilo alikuwa amelisikia kwa mara ya kwanza dakika ileile.

"Vizuri. Vua viatu, tuanze na Mlima."

Mlima ulikuwa kusimama. Miguu pamoja, mabega chini, vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi nne. Flavia alisimama, akasubiri.

"Mama, inaanza saa ngapi?"

"Imeshaanza."

Ishaan alicheka kichwa chini. Flavia akakunja uso.

"Mimi nimezaliwa mlimani, kusimama najua tangu nina mwaka mmoja. Nifundishe ile ya Ishaan."

"Ishaan alisimama kama wewe mwaka mzima kabla kichwa chake hakijagusa sakafu. Jumamosi ijayo utasimama tena. Na ile usiijaribu peke yako."

Jumatatu shuleni, Flavia alimsimulia Primus, aliyekaa naye dawati moja, habari za kusimama kwa kichwa.

"Wenzetu wanatumia mkeka tu. Sisi tuna ngata ya kubebea mizigo."

"Na ukianguka?"

"Kwa shingo hii? Labda mlima uanguke kwanza."

Jumanne jioni Bibi Ndelilio alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Flavia alisokota majani makavu ya mgomba, akapata ngata nzuri, nene, kama ile aliyoiweka kichwani kila siku akibeba mzigo. Akailaza chini ya mgomba mnene kuliko yote kihambani, shamba la migomba lililozunguka nyumba yao, uleule ulioegemezwa kwa mti. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Ngata hukaa kati ya kichwa na mzigo. Tofauti ni kwamba leo mzigo ni dunia nzima.

Akaweka kichwa, akarusha miguu.

Kwa muda wa pumzi moja aliiona Kilimanjaro ikining'inia juu chini, theluji yake ikitaka kumwagika. Kisha miguu yake ikaupiga teke ule mti wa kuegemeza. Mgomba ukalala chini na mkungu wake. Kishindo chake, wengine wanaapa, kilisikika Rombo, na ng'ombe wa Bibi Ndelilio alikataa kutoa maziwa hadi Alhamisi. Shingo ya Flavia ililia kah, ikabaki imeelekea kushoto.

"Nini kimeangusha mgomba wangu?" aliuliza bibi aliporudi.

"Upepo, bibi."

Bibi aliitazama migomba mingine yote. Hakuna jani lililokuwa limetikisika.

Usiku wakati wa kula mtori wa ndizi aliuliza, "Mbona unakula unatazama mlango?"

"Namsubiri baba."

"Baba yako yuko Arusha mpaka mwisho wa mwezi."

Asubuhi Flavia alijitwisha ndoo ya maji, machozi yakamtoka, akaitua. Akisema ukweli, atachaguliwa msichana mwingine. Akinyamaza, mkungu utaanguka mbele ya parokia nzima. Alikuwa bado anawaza pale bibi alipotoka kihambani na kumwekea kitu miguuni.

"Nimeikuta chini ya mgomba. Upepo wa siku hizi unatembea na ngata?"

Flavia akasema yote, hata ule uongo wa "mara nyingi". Bibi hakumchapa. Alimshika mkono hadi zahanati.

"Msuli umevutika," alisema mganga. "Wiki mbili usibebe kitu kichwani. Kusimama na kuvuta pumzi, ruksa."

Jubilei ilikuwa baada ya siku kumi na nane. Siku nne tu za ziada.

Jumamosi Flavia alisimama mlangoni kwa Mama Ishaan.

"Nilikudanganya, mama. Sijawahi kufanya yoga."

"Najua. Aliyewahi haulizi inaanza saa ngapi."

"Naomba unifundishe kusimama."

Tangu siku hiyo alisimama kihambani asubuhi na jioni, miguu pamoja, akihesabu pumzi. Bibi Ndelilio alisimama kando yake. "Enzi zetu hii ilikuwa kusubiri kahawa ikauke," alisema, lakini alihesabu naye. Siku ya kumi na nne shingo iligeuka pande zote bila kulalamika.

Siku ya Jubilei, Flavia aliingia kanisani na mkungu wa mgomba mwingine, mdogo kidogo. Alipofika katikati, ngoma ya kwaya ilipigwa ghafla nyuma yake. Mabega yakapanda, mkungu ukayumba, watu wakaacha kuimba. Flavia alisimama. Miguu pamoja. Mabega chini. Akavuta pumzi hadi nne, akaitoa hadi nne. Mkungu ukatulia. Akaendelea hadi altareni.

Nje, bibi alimfuta jasho kwa kanga.

"Umeona, mjukuu wangu? Ulichokidharau ndicho kilichokuvusha. Mtu akikuuliza kama unajua, na hujui, sema sijui. Neno hilo halijawahi kumvunja mtu shingo. Na kila kazi ina mwanzo wake. Ukiuruka mwanzo, kazi inakurudisha, tena kwa maumivu."

Primus alikuwa akisubiri pembeni. "Flavia, nifundishe ile ya kusimama kwa kichwa."

"Vua viatu, tuanze na Mlima," alisema Flavia.